Ubora na Udhaifu wa Mwendelezo katika Bunilizi ya Kisayansi ya Michezo ya Video: Historia ya Halo 2, 2001–2010

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya Halo 2, mchezo wa video wa kufyatua risasi uliotolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 9 Novemba 2004 ukiwa mwendelezo wa Halo: Combat Evolved wa mwaka 2001. Lengo lake ni kubainisha ubora na udhaifu wa mchezo huo kwa kuzingatia mazingira ulimotengenezwa, badala ya kuorodhesha sifa na kasoro kana kwamba hazina chanzo. Hoja kuu ni kwamba ubora na udhaifu huo vilizaliwa pamoja, katika kipindi cha takriban mwaka mmoja na nusu ambapo watengenezaji walilazimika kuamua kipi kikamilishwe na kipi kiachwe. Aidha, makala inaonesha kwamba sehemu iliyosifiwa zaidi, yaani mechi za mtandaoni, ndiyo iliyotoweka kwanza, ilhali hadithi iliyolaumiwa kwa kukatika imebaki mikononi mwa wachezaji hadi leo.

1.0 Utangulizi

Kazi ya mwendelezo haianzi na ukurasa mtupu. Hupimwa kwa kazi iliyoitangulia kabla haijapimwa kwa yenyewe, na mara nyingi hupimwa pia kwa ahadi zilizotolewa kabla haijakamilika. Katika fasihi andishi mzigo huo hubebwa na mwandishi mmoja. Katika michezo ya video hubebwa na kundi la wasanifu, wachoraji, watunzi wa muziki na waandishi wa programu, ambao kila mmoja wao hutegemea uwezo wa mashine isiyopanuka na tarehe isiyosogezwa.

Halo 2 ni mfano unaofaa kwa uchunguzi wa aina hiyo kwa sababu tatu. Kwanza, ulipokewa kwa shangwe na manung'uniko kwa wakati mmoja: wastani wa alama zake katika tovuti ya Metacritic ni 95 kwa 100, lakini hitimisho la hadithi yake liliwaudhi wachezaji wengi. Pili, baadhi ya watengenezaji wake wamezungumza hadharani, na kwa uwazi usio wa kawaida, kuhusu yaliyokwenda kombo. Tatu, sehemu muhimu ya hadithi yake imewekwa Mombasa, na mojawapo ya viwanja vyake maarufu vya mapambano imepewa jina la Zanzibar. Jambo hilo linaufanya mchezo huu kuwa sehemu ya historia ya namna pwani ya Afrika Mashariki ilivyosawiriwa katika bunilizi ya kisayansi ya Marekani.

2.0 Usuli: Deni la Mwaka 2001

Bungie ilianzishwa mjini Chicago mwaka 1991 na Alex Seropian, ambaye baadaye aliungana na Jason Jones. Kwa miaka kadhaa kampuni hiyo ilijulikana zaidi kwa michezo ya kompyuta za Macintosh, na Halo yenyewe ilitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 katika maonesho ya Macworld. Mwaka uliofuata Microsoft iliinunua Bungie, na mradi huo ukageuzwa kuwa mchezo wa Xbox, mashine iliyozinduliwa Marekani tarehe 15 Novemba 2001.

Mchezo wa kwanza ulifanya mambo mawili ambayo baadaye yaligeuka kuwa deni. Kwanza, ulithibitisha kwamba michezo ya kufyatua risasi kwa mtazamo wa nafsi ya kwanza, ambayo wengi waliihusisha na kibodi na kipanya, ingeweza kuchezwa vizuri kwa kifaa cha mkononi mbele ya televisheni. Pili, ulijenga desturi ya kucheza kwa pamoja. Watu 4 waliweza kugawana skrini moja, na mashine 4 zilipounganishwa kwa nyaya, watu 16 waliweza kupambana katika nyumba moja au bweni moja. Hata hivyo, mchezo huo haukuwa na huduma ya mtandaoni, kwani Xbox Live ilianza kufanya kazi mwezi Novemba 2002.

Kwa hiyo mwendelezo ulitakiwa kulipa mara mbili. Ulitakiwa kuendeleza hadithi ya askari aitwaye Master Chief na vita vyake dhidi ya Covenant, muungano wa viumbe wa sayari nyingine wanaopigana kwa jina la dini. Vilevile ulitakiwa kuwa sababu ya watu kujiunga na Xbox Live. Malengo hayo hayakupingana kinadharia, ila yaligombea watu walewale na siku zilezile.

3.0 Mei 2003 na Gharama ya Ahadi

Mwezi Mei 2003, katika maonesho ya E3 mjini Los Angeles, Bungie ilionesha kipande cha mchezo kikimfuata Master Chief akiingia katika jiji la New Mombasa lililozingirwa. Watazamaji waliona askari akitumia silaha mbili kwa mikono miwili, akiliteka gari la adui likiwa mwendoni, na vivuli vikisogea kulingana na mwanga kwa namna ambayo michezo ya Xbox ya wakati huo haikuwa imezoeleka kuwa nayo.

Kipande hicho hakikuwa sehemu ya mchezo uliokaribia kukamilika. Watengenezaji walieleza baadaye kwamba injini ya michoro iliyotumika ilikuwa nzito mno kwa mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 64, na ikabidi iachwe. Mandhari yale yale yaliyooneshwa hayakuingia katika mchezo uliouzwa. Kilichosalia ni mbinu za uchezaji, yaani silaha mbili na utekaji wa magari. Kwa lugha ya kihistoria, Mei 2003 ilikuwa mwanzo mpya uliovaa vazi la maendeleo: hadhira iliamini imeona nusu ya nyumba, wakati mafundi walikuwa wanarudi kwenye msingi.

Kuanzia hapo hadi Novemba 2004 kazi ilifanyika kwa shinikizo kubwa. Watumishi walifanya kazi kwa saa nyingi kupita kiasi kwa miezi mfululizo, hali ambayo wenyewe wameikumbuka kwa uchungu. Makato mawili ya kipindi hicho ndiyo yanayoeleza sura ya mwisho ya mchezo. Kato la kwanza lilikuwa la hadithi: sehemu ya mwisho iliyokusudiwa kuirudisha vita duniani iliondolewa. Kato la pili lilikuwa la mapambano ya wachezaji wengi: mfumo mkubwa wa vita vya mtandaoni uliokuwa umepangwa uliachwa. Nafasi yake ikachukuliwa na mfumo mdogo uliokuwa ukisanifiwa na kikundi kidogo chini ya Max Hoberman, ambao awali ulikusudiwa uwe wa pembeni kwa ajili ya marafiki wanaokusanyika kucheza.

Makato hayo mawili yalifanywa kwa sababu moja, lakini matokeo yake yalitofautiana. Hadithi iliyokatwa ilibaki na jeraha linaloonekana. Mapambano yaliyokatwa yalibaki na kitu kidogo kilichokamilika, na kitu hicho ndicho kilichobadilisha historia ya tasnia.

4.0 Ubora

4.1 Mechi za mtandaoni

Kabla ya Halo 2, mchezaji wa kompyuta aliyetaka kupambana mtandaoni kwa kawaida alifungua orodha ndefu ya seva, akachagua moja kwa kukisia, kisha akaingia katika mechi iliyokuwa inaendelea kati ya watu wasiofahamiana naye na wasiolingana naye kwa ujuzi. Halo 2 uliondoa orodha hiyo. Mchezaji alichagua aina ya mechi anayoitaka, na mfumo ukamtafutia wapinzani wanaokaribiana naye kwa kiwango, kuanzia daraja la 1 hadi la 50.

Uvumbuzi wa pili ulikuwa kikundi. Marafiki waliweza kukutana kabla ya mechi, kuingia pamoja, kutoka pamoja na kuendelea kuzungumza kati ya mechi moja na nyingine. Mfumo huo ulihamishia mtandaoni desturi ya sebuleni iliyojengwa na mchezo wa kwanza. Ubora wake haukuwa wa kiufundi tu bali wa kijamii: ulitambua kwamba watu walikuwa wamekuja kuwa pamoja, na risasi zilikuwa kisingizio chao.

Matokeo yalionekana mapema na yakadumu. Katika saa 24 za kwanza mchezo uliuza nakala milioni 2.4 nchini Marekani na Kanada, zenye thamani ya dola milioni 125. Ulibaki kuwa mchezo unaochezwa zaidi katika Xbox Live hadi ulipotoka Gears of War mwezi Novemba 2006. Mashindano ya Major League Gaming yaliyoutumia yalirushwa na kituo cha televisheni cha USA Network mwaka 2006. Upangaji wa mechi kwa kiwango cha ujuzi, ambao leo ni jambo la kawaida katika michezo ya mtandaoni, ulipata umbo lake la kuigwa hapo.

4.2 Macho ya adui

Ubora wa pili ni wa kisimulizi. Baada ya sura chache za mwanzo, mchezaji huondolewa katika mwili wa Master Chief na kuwekwa katika mwili wa Arbiter, kamanda wa Covenant aliyeshindwa vitani, akavuliwa heshima na kutwishwa kazi za hatari ili asafishe aibu yake. Kati ya sura 14 zinazochezwa, 6 ni zake.

Uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri. Katika mchezo wa kwanza Covenant walikuwa shabaha. Katika mwendelezo wanapewa siasa, ibada, matabaka na hofu. Manabii wanaowaongoza wanawaahidi wafuasi wao Safari Kuu itakayowafikisha kwenye uungu, na safari hiyo ni kuwashwa kwa pete ambazo kwa kweli huangamiza uhai. Arbiter anagundua ukweli huo hatua kwa hatua, huku kabila lake la Elite likisukumwa kando na Brute kwa idhini ya viongozi walewale aliowatumikia. Ni msiba wa muumini mwaminifu anayetambua kwamba uaminifu wake ulitumiwa. Bunilizi ya kisayansi ina uwezo maalumu wa kumfanya msomaji amtazame mgeni kutoka ndani, na michezo ya kufyatua risasi ilikuwa imeutumia uwezo huo mara chache.

5.0 Udhaifu

5.1 Hadithi isiyofungwa

Kasoro inayotajwa zaidi ni mwisho wake. Sura ya mwisho inayochezwa ni ya Arbiter. Master Chief anaonekana akiwasili karibu na dunia ndani ya chombo cha adui, anatamka nia yake ya kuvimaliza vita, na hadithi inakatika. Wachezaji walisubiri karibu miaka mitatu, hadi tarehe 25 Septemba 2007 ilipotolewa Halo 3.

Si kila mwisho ulio wazi ni kasoro. Riwaya nyingi humwacha msomaji kizani kwa makusudi, na mwisho huo huwa umeandaliwa na muundo mzima. Katika Halo 2 maandalizi hayo hayapo, kwa sababu kilele kilichokuwa kimeandaliwa ndicho kilichoondolewa. Ushahidi wake umo ndani ya kazi yenyewe. Matangazo na sura za mwanzo zilielekeza hisia zote kwenye ulinzi wa dunia, lakini ni sura 2 tu zinazochezwa juu ya ardhi yake. Mkondo wa Arbiter una mwanzo, kati na mwisho. Mkondo wa Master Chief una mwanzo na kati tu. Mizani hiyo iliyopinda inaeleza pia kwa nini Arbiter mwenyewe alilaumiwa: kwa kuwa matangazo yalimficha, wachezaji wengi walimwona kama mtu aliyeiba nafasi ya shujaa waliyemlipia. Hivyo ubora wa kisimulizi ulipokewa kama kosa kutokana na kosa lingine.

5.2 Michoro na uwiano wa silaha

Haraka ya mwisho ilionekana pia kwa macho. Katika maonesho ya hadithi, nyuso na kuta hutokea kwanza zikiwa na ukungu, kisha baada ya nukta kadhaa hupata maelezo yake kamili. Mashine ilikuwa ikijaribu kupakia kilichozidi kumbukumbu yake. Katika kiwango kigumu zaidi cha uchezaji, walenga shabaha wa Covenant huua kwa risasi moja kabla mchezaji hajawaona, ugumu unaodai kukariri mahali walipo kuliko ustadi.

Upande wa mtandaoni nao haukuwa na afya kamili. Mchanganyiko fulani wa vitufe uliwawezesha wajuzi kufyatua na kupiga kwa kasi ambayo wasanifu hawakuikusudia. Zaidi ya hapo, kila mechi iliendeshwa na mashine ya mmoja wa wachezaji, si na seva ya kampuni, hivyo mwenye mashine hiyo alipata faida na wadanganyifu walipata mlango. Marekebisho yaliyotolewa mwaka 2005 yalipunguza baadhi ya matatizo hayo, lakini hayakuyamaliza.

6.0 Mombasa Isiyo na Watu

Udhaifu mwingine haukutajwa sana na wahakiki wa Marekani, ila ni wazi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kuichagua Mombasa ya mwaka 2552 kuwa mahali pa kuilinda dunia ni jambo la kupongezwa. Bunilizi nyingi za uvamizi huweka maangamizi yao New York, London au Tokyo. Hapa pwani ya Kenya imepewa lifti ndefu inayofika angani, na jiji lake limechukuliwa kuwa kitovu cha mustakabali wa binadamu. Wazo hilo lina mantiki ya kisayansi, kwani lifti ya aina hiyo huhitaji kujengwa katika ukanda wa ikweta au karibu nao.

Hata hivyo, katika sura hizo mbili mchezaji hukutana na askari na maadui tu. Hakuna mkazi anayekimbia, anayejificha wala anayeuliza. Mitaa myembamba ya mji wa kale, ufuo na daraja kubwa vinatumika kama uwanja wa mapambano, kisha chombo cha adui kinaruka kwenda mbali kikiliacha jiji limeharibiwa, na hadithi hairudi kuuliza nini kiliwapata watu wake. Kiwanja cha Zanzibar, chenye ufuo, ngome na gurudumu kubwa la upepo linalozunguka, ni miongoni mwa viwanja vilivyosanifiwa vyema na kupendwa zaidi. Lakini ukiliondoa jina, hakuna Uzanzibari unaobaki.

Itakuwa si haki kudai kwamba pengo hili lilitokana na dharau. Historia ya makato iliyoelezwa hapo juu inatoa maelezo ya karibu zaidi: mchezo ulioishiwa muda wa kuirudisha vita duniani usingepata muda wa kuijaza dunia hiyo watu. Kinachothibitisha hili ni kazi iliyofuata. Halo 3: ODST ya mwaka 2009, iliyowekwa karibu yote New Mombasa, ina sura zenye majina Tayari Plaza, Kizingo Boulevard na Kikowani Station. Kizingo na Kikowani ni mitaa halisi ya Mombasa, na tayari ni neno la Kiswahili. Kasoro ya mwendelezo mmoja ilianza kurekebishwa na mwingine.

7.0 Aprili 2010 na Suala la Mabaki

Tarehe 15 Aprili 2010 Microsoft ilizima huduma ya Xbox Live kwa michezo ya Xbox ya kwanza. Wachezaji wachache waliacha mashine zao zikiwaka bila kutoka, na wa mwisho wao waliendelea hadi mwezi Mei. Baada yao hakuna aliyeweza kuingia.

Hapa ndipo tathmini ya kawaida inapogeuka. Ingawa mechi zenyewe ziliendeshwa na mashine za wachezaji, kazi ya kuwakutanisha ilifanywa na kampuni, na ilipokoma, mfumo uliosifiwa kuliko sehemu nyingine yoyote ukakoma nao. Takwimu za mechi zilizokuwa zimehifadhiwa katika tovuti ya Bungie zilidumu kwa miaka, nazo zikaondolewa mtandaoni mwaka 2021. Toleo jipya lililotolewa tarehe 11 Novemba 2014 ndani ya Halo: The Master Chief Collection lilirudisha viwanja na hadithi, lakini halikuweza kurudisha jamii ya mwaka 2005, madaraja yake wala mazungumzo yake. Kwa upande mwingine, mwenye diski ya mwaka 2004 na mashine nzima anaweza leo kuicheza hadithi yote pamoja na ukungu wa michoro na mwisho wake uliokatika, na bado anaweza kugawana skrini na jirani.

Kwa mwanahistoria jambo hili lina uzito. Kizazi kijacho kitakachoushika mchezo huu kitapata ushahidi kamili wa udhaifu wake na ushahidi kidogo wa ubora wake. Kikihukumu kwa kile kilichomo katika diski pekee, kitashindwa kueleza kwa nini mamilioni ya watu waliupenda.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba ubora na udhaifu wa Halo 2 haviwezi kutenganishwa na maamuzi yaliyofanywa baada ya Mei 2003. Kuachwa kwa mfumo mkubwa wa vita kuliufungulia njia mfumo mdogo wa mechi, ambao ulikamilika kwa sababu ulikuwa mdogo. Kuondolewa kwa kilele cha hadithi kulimwacha Arbiter akiwa na msiba kamili na Master Chief akiwa na ahadi isiyotimizwa. Mombasa ilipata heshima ya kuchaguliwa na hasara ya kutokaliwa na watu.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa michezo ya video watofautishe kazi iliyo katika diski na huduma iliyoizunguka, kwa kuwa kila moja huzeeka kwa namna yake na huhitaji hifadhi ya aina yake. Kumbukumbu za huduma hizo, zikiwemo takwimu za mechi na masimulizi ya wachezaji, zinapaswa kukusanywa mapema, huduma ikiwa bado hai.

Kwa watafiti wanaotumia Kiswahili kuna kazi mahususi zaidi. Wachezaji wa Mombasa na Zanzibar walioziona sehemu zao katika mchezo huu bado wapo, na maelezo yao yanaweza kukusanywa. Mchezo haukuwapa nafasi ya kuonekana. Historia ya mchezo huo inaweza kuwapa nafasi ya kusikika.